Lenzi ya Makro: Pima Umbali Kabla ya Kutoa Hela

Mdogo wangu wa Nyansurura, ujumbe wako nimeupata, na wengine kadhaa wameniuliza jambo hilohilo, kwa hiyo nawajibu wote pamoja. Una Nikon D3200 na lenzi yake ya 18-55 iliyokuja nayo kwenye boksi. Unapiga picha za mahafali, ubatizo na sendofu za hapo kijijini. Sasa umeanza kupenda vitu vidogo: kiwavi ndani ya mahindi ya mama yako, kupe kwenye sikio la ndama, mdudu anayebingirisha mavi ya ng'ombe njiani asubuhi. Kuna kaka mmoja Mwanza anakuuzia lenzi ya 70-300 iliyoandikwa MACRO ubavuni. Anasema ana mteja mwingine anayeisubiri, utume hela leo. Unauliza uichukue au usiichukue.

Usiichukue. Huyo mteja mwingine aende nayo kwa amani, na wewe kaa hapa tuongee.

Tuanze na hilo neno MACRO. Watengenezaji huliandika kwenye lenzi yoyote ya zumu inayoweza kusogea karibu kidogo kuliko wenzake, na hakuna anayewakataza. Kinachosema kweli ni uwiano. Ukisoma 1:1, maana yake mdudu wa milimita 10 anafika kwenye sensa ya kamera akiwa na milimita 10 zilezile. Kwa 1:2 anafika na milimita 5, na kwa 1:4 anafika na mbili na nusu. Lenzi ya makro hasa, kwa viwango vya leo, ni ile inayofika 1:1 yenyewe bila kuongezewa kitu. Hizo 70-300 za Sigma na Tamron zilizojaa kwenye masoko ya vitu vya mtumba mwisho wake ni 1:2, tena uwe umevuta zumu mpaka ukomo na umesimama karibu mita moja kutoka kwa mdudu. Katika hali hiyo kila mtetemo wa mkono unaingia kwenye picha. Sisemi ni lenzi mbaya. Kwa kereng'ende wa bwawa la Manchira, au kipepeo asiyekubali kusogelewa, inafanya kazi nzuri. Kwa kupe, hapana.

Chukua daftari sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo vijana wengi hutoa hela bila kujua wananunua nini. Sensa ya D3200 ina upana wa milimita 23 hivi. Kwa hiyo ukiwa kwenye 1:1, kinachoenea kwenye picha ni kipande cha milimita 23 tu, upande hadi upande. Kiwavijeshi vamizi aliyekomaa hufika sentimita 4 hivi. Haingii! Ili umpate mzima itabidi urudi nyuma hadi karibu na 1:2. Lakini bwana shamba akitaka kumtambua kiwavi huyo, anatafuta mambo mawili: alama ya Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne yaliyopangwa mraba karibu na mkia. Kichwa cha kiwavi hakizidi milimita 3. Kwa 1:1 kichwa hicho huchukua karibu moja ya nane ya upana wa picha, na kwa kuwa kamera yako ina megapikseli 24, moja ya nane hiyo ni pikseli zaidi ya 600. Unaikata, unaikuza, unamwonyesha ile Y na hakuna wa kubisha.

Na si jambo dogo kumtambua huyo mdudu. Ametoka Amerika, akaonekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na ilipofika 2017 alikuwa ameshaingia Tanzania. Tunaye pia kiwavijeshi wetu wa siku zote, na mkulima asiyewatofautisha anaweza kupoteza dawa na msimu. Picha yako moja iliyotulia inaweza kumsaidia mama yako na majirani zake kabla bwana shamba hajapata nafasi ya kufika.

Upande wa mifugo ni vilevile. Kupe wa sikio, yule anayeeneza ndigana kali, kabla hajanywa damu ana milimita chache tu, na jike akishashiba hukaribia sentimita moja. Mbung'o naye ni wa sentimita moja hivi. Akitua, mbawa zake hulaliana moja juu ya nyingine mgongoni, na katikati ya bawa mishipa yake imechora umbo la shoka ambalo nzi wa kawaida hana. Wote hao wanaenea vizuri kwenye 1:1. Kwa hiyo usihangaike na lenzi za kukuza mara mbili au mara tano. Canon MP-E 65, ambayo watu huisifia mno, inaanzia 1:1 na kwenda hadi 5:1, lakini haiwezi kupiga hata picha ya bibi harusi, kwa sababu haioni kitu kilicho mbali. Huo ni mzigo wa mtu ambaye hii ndiyo kazi yake ya kila siku.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo ninalotaka ulishike hata ukisahau mengine yote. Karibu lenzi zote za makro zinazouzwa leo zinafika 1:1, ya bei ndogo na ya bei kubwa. Ukubwa wa mdudu kwenye picha utakuwa uleule. Tofauti iko kwenye umbali utakaobaki kati ya kioo cha mbele cha lenzi na mdudu mwenyewe.

Nikon wana lenzi ndogo nzuri ya milimita 40 kwa kamera kama yako, na bei yake inavutia. Kwenye karatasi imeandikwa kwamba inalenga kuanzia sentimita 16.3. Umbali huo lakini hupimwa kutoka kwenye sensa, ndani kabisa ya kamera, pale penye kialama cha duara lililokatwa na mstari juu ya mwili wa kamera. Ukitoa unene wa kamera na urefu wa lenzi, mbele ya kioo zinabaki sentimita tatu hadi nne. Yaani unamwinamia mdudu mpaka kivuli cha lenzi kinamfunika. Pete ya ndoa haitakimbia. Mbung'o ataondoka, na akirudi atarudi shingoni kwako.

Lenzi za milimita 60 zinakuachia sentimita tano hadi tisa hivi, kutegemea kampuni. Za 90 hadi 105 zinakuachia kumi hadi kumi na tano. Za 150 hadi 180 zinafika ishirini na zaidi, ila zina uzito wa kilo moja hivi na bei yake ni ya kununulia ndama. Kwa shamba, zizi na vichaka vya Nyansurura, nakushauri bila kusitasita uchukue kati ya 90 na 105. Sentimita kumi na tano zinatosha mwanga kupita, zinatosha mdudu kutulia, na zinatosha wewe kutoingiza uso kwenye majani ambayo hujui nani mwingine amelala humo. Hilo la mwisho nalisema kama dada. Kifutu hujilaza kwenye nyasi kavu na hasogei mpaka umkanyage. Vaa gambuti, pekua nyasi kwa fimbo kwanza, ndipo upige magoti.

Kuna mmoja wenu wa Tarime mjini aliyeniuliza kuhusu pete za harusi na hereni tu, wadudu hawataki hata kuwasikia. Wewe chukua 60, au hiyo 40 niliyoitaja. Kwenye kamera yenye sensa ndogo kama zenu, lenzi ya 105 huona eneo dogo, kama 157 ingeona kwenye sensa kubwa, na ndani ya sebule iliyojaa mashangazi hutapata pa kurudi nyuma. Ya 60 itapiga pete, itapiga mikono yenye hina, na itapiga uso wa bibi harusi vizuri sana.

Narudi kwa mdogo wangu wa Nyansurura. Majina ya kutafuta ni haya: Tamron 90, Tokina 100, Sigma 105, na Nikon yenyewe 105. Nikon huandika Micro badala ya Macro. Isikutishe, ni kazi ileile. Wao walianza mwaka 1956 na lenzi iliyotengenezwa ili kunakili maandishi ya Kijapani kwenye mikrofilamu, herufi zenye mistari mingi mno kwa lenzi za kawaida za wakati ule. Mwenye Canon atafute EF 100. Ya zamani isiyo na herufi L inatosha kabisa kwa mtu anayeanza.

Hapa Nikon ina mtego wake. Kamera za D3000, D5000 na wadogo zao, yako ikiwemo, hazina mota ya kulengea ndani ya mwili. Lenzi yoyote inayotegemea mota ya kamera, itakaa vizuri, itapiga picha, ila haitajilenga yenyewe. Tokina 100 ya zamani ya Nikon iko hivyo. Tamron 90 za mwanzo ziko hivyo, ila za baadaye zina mota yake ndani. Za Nikon, tafuta herufi AF-S. Ukikuta AF peke yake na D mwishoni, ujue utalenga kwa mkono. Na zile za chuma za kale zisizo na vishina vyovyote vya umeme nyuma yake, D3200 haitazipimia hata mwanga.

Je, hilo ni baya? Kwa wadudu, si baya. Kwenye 1:1 utazima otofokasi mwenyewe, kwa sababu hutafutatafuta, inapita, inarudi, na mdudu ameshachoka kusubiri. Namna nzuri ni hii: weka lenzi kwenye ukubwa unaoutaka, usiiguse tena, kisha sogeza mwili wako mbele na nyuma taratibu mpaka jicho la mdudu liwe kali, ndipo ubonyeze. Kama mdudu yuko kwenye jani au bua, lishike kwa mkono wa kushoto na uegemeze lenzi juu ya mkono huohuo. Mkikutana na upepo, mtayumba pamoja. Lakini kama unataka lenzi hii ijilipie kwenye sendofu, na kwa hali yako nadhani inabidi ijilipie, tafuta yenye mota. Bibi harusi haendi taratibu kama kiwavi.

Usilipie zaidi kwa ajili ya kizuia mtetemo peke yake. Kwenye picha za watu kinasaidia sana, ila ukisogea hadi 1:1 nguvu yake hupungua mno.

Najua hali yako, sitaki ukakope kwa ajili ya lenzi. Kuna njia za kuanzia, na nimeona picha nzuri sana zilizopigwa kwa njia hizo. Ya kwanza ni pete za kurefusha, zile zinazokaa kati ya kamera na lenzi, ndani hazina kioo. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya urefu wa pete kwa milimita za lenzi, ujumlishe na ukubwa ambao lenzi ilikuwa nao. Lenzi yako ya 18-55 ukiiweka kwenye 55, na pete ya milimita 20, unapata kama theluthi mbili ya 1:1. Ukiirudisha kwenye 18 haitaona kitu, usishangae. Lakini nunua pete zenye vishina vya umeme. Zile za bei ya kutupa zisizo na vishina, zikifungwa kwenye lenzi za Nikon zisizo na pete ya kubadili tundu la mwanga, tundu hujifunga hadi mwisho na kiooni panakuwa giza. Kwenye Canon ni kinyume, tundu hubaki wazi lote na ukali wa picha unakuwa uzi mwembamba. Wauzaji wengi hawatakueleza hili.

Ya pili naipenda zaidi: Raynox DCR-250. Ni kioo cha kubana mbele ya lenzi, kinakaa kwenye lenzi zenye mdomo wa milimita 52 hadi 67. Kama una ile lenzi ya 55-200, au mwenye Canon ana 55-250, ukikibana hapo na kuvuta hadi 200 unapita 1:1, na umbali kutoka kwa mdudu unabaki sentimita 12 hivi. Hakipunguzi mwanga, kinaingia mfukoni, na siku ukinunua lenzi ya makro kamili utakibana juu yake ukamfuate chungu. Mtu akiniuliza aanze na nini akiwa na lenzi ndefu tayari, namwambia hiki.

Na wenye simu tu, nyinyi ni wengi, sijawasahau. Lenzi ndogo ya kubana kwenye simu inafaa, hasa ukichagua ya kioo na si ya plastiki, na ukubali kusogea sentimita chache kutoka kwa kitu. Kwa majani yenye ugonjwa hamhitaji hata hiyo. Kuna programu ya simu inaitwa Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State wakishirikiana na IITA na FAO. Inaongea Kiswahili, inafanya kazi shambani bila intaneti, na inatazama jani la muhogo au la mahindi kupitia kamera ya kawaida ya simu na kukuambia inachokiona. Usinunue lenzi kwa sababu ya majani ya muhogo.

Sasa mwanga. Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu nimewaona watu wenye lenzi za gharama wakitoa picha nyeusi zilizochafuka na kulaumu lenzi. Ukifika 1:1, mwanga unaofika kwenye sensa hupungua kwa stopu mbili, yaani unabaki robo. Juu ya hapo, ukali wa picha unakuwa mwembamba kupita unavyodhani. Kwa kamera yako, kwenye f/11, eneo lililo kali halifiki hata milimita moja. Jicho la mbung'o litakuwa kali na mguu wake utayeyuka. Ukisema ufungue tundu ili upate mwanga, unapoteza hata hiyo milimita. Ukifunga kupita f/16 ili upate zaidi, picha nzima inaanza kulainika. Kwa hiyo uko kati ya f/8 na f/11, mwanga umebaki robo, na mdudu anatembea. Jua peke yake halitoshi.

Jibu ni flashi, na wewe unayo tayari, ile ya sendofu. Itoe juu ya kamera kwa waya wake, iweke karibu na mdomo wa lenzi, na mbele yake weka kitu cheupe cha kusambaza mwanga: kipande cha kidumu cheupe cha plastiki kilichokatwa vizuri, au karatasi nyeupe mbili. Kadiri kitu hicho kinavyokuwa kipana na karibu na mdudu, ndivyo mgongo wake unavyong'aa kwa upole badala ya kutoa doa jeupe. Weka shata kwenye 1/200, ndio mwisho wa kamera yako kwa flashi. Nguvu ya flashi anzia robo, tazama, punguza. Ikiwa chini, flashi huwaka kwa muda mfupi mno, na muda huo mfupi ndio unaogandisha miguu ya mdudu hata mkono wako ukitikisika. Kwa mtu anayetaka kutumia hela kidogo kwa akili, ningesema lenzi ya 90 ya mtumba na flashi iliyosambazwa vizuri itaishinda lenzi mpya ya 105 isiyo na flashi, kila siku.

Usipokuwa na flashi, amka mapema. Kabla jua halijapanda wadudu wana baridi na hawaruki, umande bado uko mgongoni mwao, na upepo wa mchana haujaanza. Usimweke mdudu kwenye friji ili atulie. Wapo wanaofanya hivyo, na unamwona kwenye picha kabisa, amekunja miguu kama mfu. Mtafute alikolala mwenyewe.

Mmoja wenu amenikatisha tamaa kidogo kwa kuandika kwamba mtu wa Serengeti kupiga picha wadudu ni kupoteza bahati, simba wako pale. Simuungi mkono. Kumfikia huyo simba unahitaji gari, kiingilio, na lenzi ndefu kuliko mkono wako, na picha yake imeshapigwa na dunia nzima tangu hifadhi ianzishwe mwaka 1951. Joan na Alan Root, waliowafuata nyumbu wa Serengeti na kutengeneza filamu yao, walikwenda kukaa na kichuguu cha mchwa huko Kenya, na filamu ya mchwa ya mwaka 1978 ndiyo iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mwaka 2005 Mark Deeble na Victoria Stone wakatoa filamu nzima juu ya mkuyu na kijinyigu kinachoingia ndani ya tunda lake, mdudu wa milimita mbili hivi. Mikuyu hiyo si mnayo kandokando ya mito huko? Na huko Mbita, kando ya ziwa letu la Viktoria upande wa Kenya, watafiti wamemchunguza kwa miaka mingi buibui mrukaji wa milimita 5 tu, Evarcha culicivora, anayechagua kumla mbu jike aliyekwisha kushiba damu. Alipewa jina lake la kisayansi mwaka 2003. Huwinda kwenye kuta za nyumba za watu. Ninyi mnazo kuta, na mbu mnao. Sikuambii utamkuta huyohuyo ukutani kwenu. Nakuambia hapajatazamwa vya kutosha, na lenzi unayoitafuta ndiyo ya kutazamia.

Fanya kazi hiyo kwenye mashamba na mazizi, kwa kumsalimia mwenye shamba na kumweleza unachotafuta kabla hujapiga magoti mbele ya ng'ombe wake. Wazee watashangaa, waonyeshe picha palepale kwenye kioo cha kamera. Mzee akishaona kupe wake akiwa mkubwa hivyo atakuitia ndama mwingine. Lakini usivuke mpaka wa mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti wala wa hifadhi kwa sababu umemfuata kipepeo. Humo ndani kuna vibali, na askari wa wanyamapori hatajali lenzi yako ni ya milimita ngapi.

Tukirudi kwenye kununua. Mtumba ni sawa, mimi mwenyewe naupendelea kwa lenzi za makro, kwa sababu zimetengenezwa imara na mfumo wa zamani bado unapiga vizuri. Ila muuzaji akiwa mbali, mwombe kitu kimoja: aifunge lenzi kwenye kamera, ailenge karibu kabisa inapofika mwisho, na apige picha ya rula ya shule ikiwa imelala mbele yake. Uhesabu milimita zinazoonekana toka upande mmoja wa picha hadi mwingine. Kwenye kamera ya aina yako, zikiwa 23 hivi, hiyo ni 1:1. Kwenye Canon zenye sensa ndogo ni 22, na kwenye sensa kubwa ni 36. Ukihesabu 46, umepewa 1:2 hata kama imeandikwa MACRO pande zote nne. Hakuna maneno ya muuzaji yanayoshinda rula.

Ukiipata mkononi, zima taa za chumba, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi na utazame ndani kwa pembeni. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi nyeupe zinazotambaa kutoka ukingoni ni ukungu, na ukungu unakula vioo, iache. Zungusha pete ya kulengea toka mwanzo hadi mwisho, isikwame wala isitoe mlio wa mchanga. Weka f/16, bonyeza, uangalie kwa mbele kama majani ya tundu yanafunga haraka na hayana mafuta. Kama unanunua Nairobi na kuvuka nayo Sirari, shika risiti yenye jina la duka na uitangaze forodhani, usiifiche kwenye begi la nguo.

Ikishafika nyumbani, isikae kwenye begi la ngozi chini ya kitanda msimu wa mvua. Tafuta chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, weka ndani vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja kwenye viatu vipya, na kila baada ya majuma kadhaa uitoe ipate hewa na mwanga. Vumbi la barabara ya Mugumu lipulizie kwanza kwa kipira cha hewa, ndipo ufute kwa kitambaa laini. Usifute kwa kanga.

Ukipata ya kununua, kabla hujatuma hata shilingi, nitumie picha mbili: ya mbele ya lenzi yenye maandishi yote yakisomeka, na ya nyuma kwenye vishina. Kwa Nikon yako hizo mbili zinanitosha kukuambia kama ina mota. Na ile ya rula ukiwa nayo, iambatishe.